Timu ya wageni wa huduma ya watoto ikija kanisa linafurika, ikiondoka tunabaki na wale wale. Tatizo ni nini hasa?

#1 Kaka wa Igawilo
Wakuu, habari za jioni.

Nipo kamati ya shule ya Jumapili kwenye usharika mmoja huku Mbeya, upande wa Uyole. Kila mwaka ukifika mwezi wa sita mwishoni tunapokea timu kutoka Marekani, wengi wao vijana wa chuo. Wiki nzima, kila mchana, wao ndio wanaoendesha huduma ya watoto: nyimbo za vitendo, Daudi na Goliati, vikaragosi vya kuvaa mkononi, kupaka rangi, kukimbiza kuku, kukimbia kwa magunia. Watoto wanamiminika mpaka tunatoa mabenchi nje, tunawapanga chini ya mkaratusi.

Jumapili inayofuata baada ya timu kupanda ndege Songwe, wanakuja wale wale wetu na mwalimu wao na daftari lake la mahudhurio.

Dai langu ni hili: huduma hii inawajenga zaidi wanaokuja kuliko watoto wetu. Nipingeni, ila mje na hoja, mapovu acheni nyumbani.

#2 Mkinga wa Mwanjelwa
Pipi.
Uzi ufungwe.

#3 Mnyalukolo Asilia
Kamwene wote.

Mkuu #2 umewahi mno. Kwetu Kilolo mchungaji alipiga marufuku kugawa chochote, pipi, puto, hata penseli. Alisema anayekuja aje kwa ajili ya neno. Walijaa vile vile mpaka wengine wakapanda dirishani.

Mimi nasema ni kalenda. Wageni wanakuja wakati wa likizo ya kwao ya kiangazi, ambayo inaangukia likizo yetu ya mwezi wa sita. Mtoto yupo nyumbani, hana la kufanya. Mwezi wa saba shule zinafunguliwa, darasa la saba wanabanwa na masomo ya ziada kwa sababu ya mtihani wa Septemba, na mahindi yanaanza kushushwa. Utampata wapi?

#4 Mama wa Makandana
Mwanangu Mnyalukolo, Jumapili kuna masomo gani ya ziada? Na kama ni mahindi, mwezi wa sita nako huku watu wapo shambani na maharage. Mtoto "hana la kufanya" ni wa mjini huyo.

Niwaambie kinachotokea. Nimefundisha watoto hapa Tukuyu tangu nikiwa msichana. Wale wanaojaa wiki ya wageni si watoto wenu. Ni watoto wetu Wamoraviani, wa Wapentekoste, wa Wakatoliki, na mwaka mmoja nilimwona kijana wa madrasa na kikofia chake anaimba "Yesu anipenda" kwa sauti kuliko wote. Wiki ikiisha kila mmoja anarudi kwao. Hamjapoteza mtoto hata mmoja, mliazima tu. Sasa mnalia nini?

#5 Kaka wa Igawilo
Mama shikamoo. Hilo la kuazima sikuwa nimelifikiria. Lakini basi ile ripoti inayotumwa kule Marekani, kwamba watoto kadhaa "wamefikiwa", tunamhesabu nani? Yule wa madrasa naye yumo?

#6 Mama wa Makandana
Marahaba. Yumo. Na picha yake iko mbele kabisa.

#7 Mkinga wa Mwanjelwa
😂😂 Jamani huyo mtoto baba yake anajua?

#8 Tosa Mkongwe
Sisi Wakatoliki tumeshalimaliza hili siku nyingi. Watoto wetu wako kwenye chama chao cha Utoto Mtakatifu. Wanakutana Jumamosi, wana skafu zao, wana viongozi wao ambao nao ni watoto, na wanatoa sadaka yao wenyewe kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Mtoto wa Tosamaganga anachangia, hasubiri kuletewa. Hatuhitaji mzungu aje kuruka ruka.

#9 Mnyalukolo Asilia
Na huo Utoto Mtakatifu ulianzishwa na nani mkuu? Mhehe wa Kalenga?

#10 Tosa Mkongwe
Ulianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa. Najua unakokwenda. Lakini tazama alivyoupanga: watoto wa Ufaransa walibaki Ufaransa, wakasali na kutoa vijisenti vyao. Hakuwapakia kwenye meli waje kutuchezea vikaragosi. Nimejibu?

#11 Mnyalukolo Asilia
Umejibu. Nimekaa.

#12 Mkalimani Huru
Naomba niseme kama mtu ambaye nimesimama katikati. Nimetafsiri kwa timu hizi Mbeya, Rungwe hadi Mbarali.

Dada mmoja wa timu alikuja na vikuku vya shanga, zile rangi za kufundishia injili. Anashika shanga moja moja, anasema, nami natafsiri. Ya kwanza nyeusi: "Hii ni dhambi. Moyo wako ulikuwa mweusi." Nimetafsiri. Nyekundu, damu. Nyeupe: "Sasa umekuwa mweupe, safi." Nimetafsiri hiyo nayo, na hapo hapo nikamwona binti mdogo wa mbele, kama darasa la kwanza hivi, ameweka kikuku juu ya mkono wake, anaangalia shanga nyeusi, anaangalia ngozi yake, halafu anamwangalia yule dada. Hakuuliza kitu. Alianza kuzungusha kikuku ili ile nyeusi iende chini isionekane.

Yule dada hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa analia kwa furaha siku ya mwisho. Lakini kule alikotoka hakuna aliyekaa naye akamwambia unaenda kwa watoto wa namna gani, na huku hakuna aliyekaa naye akamwuliza unafundisha nini kesho. Mimi mwenyewe nilipewa somo asubuhi ile ile, mlangoni.

Kwa hiyo mleta mada, tatizo ni maandalizi. Kujaa na kupungua ni dalili tu.

#13 Mzee wa Kandete
Ugonile, wanangu.

Huyo mkalimani amesema jambo zito. Zile rangi ni za Waamerika wa sasa hivi, wa mambo ya filamu. Wamisionari wa kwanza walipofika Rungwe mwaka 1885 hawakuja na shanga.

#14 Mwalimu Subira
Shikamoo mzee wangu. Nikusahihishe kwa heshima zote, mambo mawili.

Rungwe ni 1891. Wamoraviani wa Kijerumani, akina Theodor Meyer, walifika mwaka huo, na Walutheri wa Misheni ya Berlin nao waliingia Unyakyusa mwaka huo huo wa 1891, upande wa chini kuelekea ziwani.

Na rangi ni za zamani kuliko hapo. Zimetoka kwenye kitabu kisicho na maneno, cha kurasa za rangi tupu, kilichoanzia kwenye mahubiri ya Charles Spurgeon, London, 1866. Kilikuwa na rangi tatu tu: nyeusi, nyekundu, nyeupe. Ya dhahabu iliongezwa 1875 na mhubiri Mmarekani, Moody, ya kijani imekuja baadaye. Kwa hiyo ni Mwingereza aliyekuwa anawahubiria Waingereza wenzake. Tatizo alilolisema Mkalimani limeanza pale kitabu kilipopandishwa meli.

#15 Mzee wa Kandete
Marahaba mwalimu. 1891, sawa, nimepokea. Macho yamechoka lakini hoja yangu bado imesimama.

Wale walikaa. Walijifunza Kinyakyusa kwanza, wakaketi na watoto kwenye shule za porini, wakafa kwa homa wakazikwa huku. Na watoto hawakuwa mapambo kwao. Kule Herrnhut, Ujerumani, chimbuko la Wamoraviani, mwezi wa nane 1727, watoto wenyewe walishikwa na uamsho wa maombi, na mpaka leo Agosti 17 kwenye kalenda ya Kimoraviani ni siku ya watoto. Mtu aliyelelewa na habari hiyo haji kumfundisha mtoto akiwa ameshika tiketi ya kurudi Jumanne.

#16 Kyela Mchele Super
Mzee heshima yako, lakini tusiwapambe sana. Hao hao waliokaa ndio waliokataza ngoma na mambo mengi ya kwetu. Kukaa muda mrefu siyo dawa ya kila kitu. Mwingine bora akae wiki moja aondoke.

#17 Mkinga wa Mwanjelwa
#16 leo umeamka na upupu 😂

#18 Mjukuu wa Bulongwa
Nimesoma kimya kimya ila hapa naingia.

Mnaongea huduma ya watoto kana kwamba ni nyimbo na michezo. Sisi wa Makete tuliokua miaka ile tunajua nyingine. Utafiti wa 2011/12 uliupa mkoa wetu wa Njombe asilimia 14.8 ya maambukizi ya VVU kwa watu wazima, ya juu kuliko mkoa wowote nchini, na kabla ya hapo ndipo tulipozika wazazi. Nyumba imebaki na bibi na wajukuu wanne. Huduma ya watoto ilikuwa mama wa kikundi cha usharika anayekuja Alhamisi na debe la mahindi, anaangalia kama sare imechanika, anauliza nani anakohoa. Hakuna picha iliyopigwa.

Halafu wakaja vijana wa nje, wazuri, wapole. Mmoja alinibeba mgongoni siku zote alizokaa. Nililala nikijua nimepata dada. Alipoondoka nilienda barabarani siku kadhaa kusubiri gari. Mleta mada anauliza kwa nini watoto hawarudi Jumapili inayofuata. Wengine hawarudi kwa sababu hiyo. Mtoto aliyekwisha kufiwa akiachwa tena anajua kujikunyata.

#19 Mama wa Makandana
Pole sana mwanangu. Ndaga kwa kutuambia.

#20 Zao la Wageni
Pole mkuu #18, uliyosema siwezi kuyapinga. Lakini uzi umeegemea upande mmoja, wacha nilete wangu.

Mimi ni zao la hizo timu. Mafinga, nikiwa darasa la tano, alikuja kaka mmoja na gitaa. Hakujua Kiswahili, mimi sikujua Kiingereza. Alinionyesha kodi (chord) tatu. Siku ya mwisho alimwachia mwalimu wetu lile gitaa, siyo mimi, na akaonyesha kwa ishara kwamba niruhusiwe kulishika. Leo nafundisha watoto kwaya, na wawili kati yao wanapiga kunizidi. Huyo naye alikaa wiki mbili tu, kama hawa mnaowasema.

Kuna watu wanapinga wageni kwa wivu tu. Mwalimu wa shule ya Jumapili mnampa nini? Hana posho, hana kitabu, anafundishia kwenye jiko la kanisa wakati wazazi wako ibadani, halafu akija mgeni na rangi mnasema mgeni ndiye mbaya.

#21 Kaka wa Igawilo
Mkuu #20 umenigusa pabaya. Ni kweli kwetu watoto wanafundishiwa stoo, katikati ya viti vibovu na spika. Wageni wakija tunawapa kanisa lenyewe.

#22 Mnyalukolo Asilia
Si ndiyo hiyo sasa! Jibu lako limo humo. Ungemhamishia mwalimu wako kanisani na wewe mzee wa kanisa ukafanyia kikao stoo.

#23 Binti Lupembe
Habari wapendwa. Nipo Ujerumani, jimbo la Sachsen, nilikuja kwa mpango wa vijana wa kujitolea kutoka kusini kwenda kaskazini. Nipo kinyume chenu: mimi ndiye mgeni wa ng'ambo ninayehudumia watoto wa kanisa la watu.

Kabla sijamgusa mtoto, walitaka cheti cha polisi kutoka nyumbani. Huku tangu 2010 kuna cheti cha aina yake kwa mtu anayefanya kazi na watoto, anayetaka nafasi hiyo lazima akionyeshe, hata akiwa anajitolea tu, hata akiwa mtoto wa mchungaji. Nikafundishwa siku nzima mambo ya mipaka: mtoto akitaka kupakatwa ufanye nini, chooni nani anampeleka, mlango uachwe wazi vipi. Picha ndiyo usiseme. Kila mzazi amesaini karatasi, na kuna watoto wawili ambao wakitokea kwenye picha lazima ifutwe.

Wiki nyingi za mwanzo kazi yangu ilikuwa kumenya tufaha na kuwavalisha makoti. Mwalimu mwenyeji ndiye anaongoza, mimi natazama. Nilikasirika mwanzoni, nikaona wananidharau. Sasa hivi nikiongoza wimbo watoto wananielewa, maana wameshanizoea.

Sasa niambieni. Vijana wa huku huku wakija kwetu, mbona wanashuka Songwe saa nne na saa nane wamepewa watoto mia? Sheria yao wameiacha uwanja wa ndege?

Na jambo jingine: watoto kanisani huku ni wachache mno, Jumapili nyingine wanatosha kwenye meza moja. Wangeuona huo mkaratusi wa #1 wangelia.

#24 Kyela Mchele Super
Dada umemaliza. Tufaha linamenywaje kwanza, si unakula na maganda?

#25 Binti Lupembe
Watoto wa huku wanadeka kaka yangu. Na linakatwa vipande.

#26 Sheria Kwanza
Nimefurahi kuona #23 ameligusa. Niongeze ya kwetu, maana watu wanadhani Tanzania hakuna sheria.

Tuna Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto imeziweka kundi la taarifa nyeti. Yule kijana wa madrasa wa Mama Makandana, picha yake kwenye ripoti bila ridhaa ya mzazi ni kesi.

Viza nayo. Makanisa mengi yanawaambia wageni wachukue ya kawaida, dola 50, au 100 kwa Wamarekani, waandike "utalii". Anayekuja kufanya shughuli kwa muda mfupi, hata bila mshahara, anatakiwa ile ya biashara ya dola 250, mwisho siku 90. Akikaa zaidi ni kibali cha ukaazi daraja C, hicho ndicho cha wamisionari na wanaojitolea. Uhamiaji wakitia timu Jumatano katikati ya Daudi na Goliati, mwenyeji ndiye ataanza kujieleza.

#27 Mkinga wa Mwanjelwa
Dola 250 mara watu kumi na tano... hiyo hela inatosha kuezeka darasa la watoto. Nawaza kwa sauti tu.

#28 Zao la Wageni
Hoja ya zamani hiyo. Hiyo hela isingekuja bila wao kuja. Mtu anachangia safari ya mtoto wa kanisa lake, hachangii bati la Igawilo asilolijua. Akishaliona paa lenu linavuja ndipo anachangia bati.

#29 Mwalimu Subira
Hapo nakubaliana nusu. Walutheri wa Iringa na wa sinodi ya Saint Paul, Minnesota, wana ushirika wa Bega kwa Bega tangu miaka ya 1980. Kule sharika zinafahamiana kwa miongo, watu wanakwenda na kurudi pande zote, na Watanzania nao wanapokelewa Minnesota. Siyo timu inayobadilika kila mwaka ikiuliza upya choo kiko wapi. Tofauti inaweza kuwa hapo, kwamba uhusiano unatangulia safari.

Pia tusisahau shule ya Jumapili yenyewe ilivyoanza. Robert Raikes, Gloucester, Uingereza, 1780. Watoto walifanya kazi siku sita, Jumapili wakafundishwa kusoma, na walimu walikuwa wakazi wa mtaa ule ule.

#30 Mkalimani Huru
Mwalimu, hata ushirika wa muda mrefu hauondoi tatizo la lugha. Vijijini Rungwe mtoto wa miaka minne anaongea Kinyakyusa tu. Mgeni anasema kwa Kiingereza, mimi naweka Kiswahili, mama mmoja pembeni anaweka Kinyakyusa. Goliati anakufa mara tatu, na mara ya tatu ndiyo watoto wanacheka, maana yule mama anaigiza kuanguka. Siku hiyo nilimwambia kiongozi wa timu mwalimu wenu ni huyu hapa. Akanipigia makofi, kesho yake ratiba ikabaki ile ile.

#31 Mzee wa Kandete
Huyo mama namfahamu bila kumwona. Kila kijiji anaye. Hata Tukuyu Stars walipochukua ubingwa 1987 kuna mama alikuwa anaigiza magoli sokoni.

#32 Kyela Mchele Super
1986 mzee.

#33 Mzee wa Kandete
Leo mmeniamulia.

#34 Mama wa Makandana
😂 Mzee wetu tunakupenda hivyo hivyo.

Lakini mnaona jinsi siku ya Mikaeli na Watoto inavyokuwa kwa jirani zetu Walutheri wa KKKT, mwezi wa tisa mwishoni? Watoto wanaongoza ibada wenyewe, mmoja anasoma neno, mwingine anatangaza sadaka, kanisa linafurika hadi wazazi ambao hatujawaona tangu Pasaka. Hakuna mgeni, hakuna shanga. Na Jumapili inayofuata wanapungua vile vile! Kwa hiyo msiwasingizie wazungu kila kitu. Shughuli yoyote inajaza.

#35 Tosa Mkongwe
Mama hapo umeibomoa hoja ya mleta mada na ya Mnyalukolo kwa mpigo mmoja.

#36 Mnyalukolo Asilia
Yangu haijabomoka. Septemba mwishoni darasa la saba wameshamaliza mtihani, wako huru. Kalenda!

#37 Mjukuu wa Bulongwa
Na wa darasa la pili walikuwa na mtihani gani?

#38 Kaka wa Igawilo
Wakuu, asanteni. Jana tulikaa kamati. Timu ya mwaka huu imeshakata tiketi, kuizuia haiwezekani. Mwenyekiti anataka ratiba ya siku zote. Mimi na walimu wawili tumependekeza asubuhi wageni wakae na walimu wetu watengeneze vifaa pamoja, mchana mwalimu wetu aongoze na wao wasaidie, na shanga zisije. Mhasibu anasema wageni watakwazika, wanalipa halafu wakamenye tufaha? Tumeahirisha hadi Jumamosi. Nitaweka mrejesho.

#39 Sheria Kwanza
Viza mmejadili?

#40 Kaka wa Igawilo
Mwenyekiti kasema tusimwamshe aliyelala.

#41 Binti Lupembe
Kaka, na fomu za picha? Nikutumie ya huku uitafsiri? Ukurasa mmoja tu.

#42 Kaka wa Igawilo
Nitumie dada, hata leo.

#43 Mkinga wa Mwanjelwa
Kama mnatengeneza vifaa wenyewe, manila, gundi na kalamu za nta ninazo kwa jumla, ghorofa ya chini soko jipya. Bei ya kanisa. Ila deni sitoi, hata kwa mwenyekiti.